Karatasi Chini ya Tairi

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 11 tulipomaliza kuunda gokati yetu, kigari cha mabomba ya chuma chenye injini ndogo ya silinda moja, na siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ambayo kigari hicho kilikataa kukata kona.

Tulikuwa tumekifanyia kazi kila Jumamosi kwa miezi minne. Mimi nilikata na kuchomelea. Yeye alipiga tupa ncha za mabomba hadi zikawa laini, akakagua kila pembe kwa kipimio cha mraba, na ndiye aliyetunza daftari la vipimo. Humo alikuwa ameandika hesabu ya mwendo ambayo tuliifanya pamoja kabla hatujanunua gia. Injini ilikuwa na kikomo cha mizunguko 3,600 kwa dakika, gia ya klachi ilikuwa na meno 12 na ile ya ekseli meno 72, kwa hiyo ekseli ingezunguka mara 600 kwa dakika. Na kwa kuwa mzingo wa tairi la nyuma ulikuwa sentimita 88, kigari kingekwenda mita 528 kwa dakika, yaani karibu kilomita 32 kwa saa. Yeye alitaka gia ya meno 60, ambayo ingetufikisha kwenye kilomita 38. Nilimkatalia, na si kwa kuogopa mwendo peke yake. Klachi ya namna ile hushika pale tu injini inapozunguka kwa kasi ya kutosha kuzitanua pedi zake, na gia ikiwa nzito mno kwa injini, pedi huteleza kwa muda mrefu, zikapata moto na kuungua. Alinielewa, ila hesabu ya meno 60 hakuifuta.

Sehemu niliyokuwa na uhakika nayo kabisa ilikuwa usukani. Tulivuta uzi kutoka kila kingipini, ile pini nene ambayo gurudumu la mbele hugeukia, hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kisha tukailaza mikono ya usukani, yaani vyuma vifupi vinavyoyageuza magurudumu ya mbele, sambamba na uzi ule, ili gurudumu la ndani ya kona ligeuke zaidi kuliko la nje. Ni kanuni iliyopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, wakati huo kwa ajili ya magari ya farasi, na binti yangu aliipenda kwa sababu aliweza kuiona kwa uzi na macho yake mwenyewe.

Siku ya majaribio tulikwenda kwenye uwanja mpana wa lami usiokuwa na mtu. Nilikagua springi mbili za kurudisha pedeli ya mafuta, nikaibonyeza swichi ya kuzimia injini mara tatu, nikamfunga helmeti. Kwenye mstari ulionyooka kigari kilikwenda vizuri ajabu. Alipofika kwenye kona akakata usukani, magurudumu ya mbele yakageuka kama yalivyopaswa, lakini kigari kikaendelea mbele huku tairi zikikwaruza lami. Alijaribu tena, na tena. Mara ya tatu akazima injini, akabaki ameketi na mikono yote miwili kwenye usukani.

"Baba, mimi nakata, lakini chenyewe kinakwenda tu."

Nilimwambia apunguze mwendo. Hadi leo najuta kwamba hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza, kwa maana nilimwona akiinamisha kichwa, akiamini kwamba kosa ni lake. Alipunguza mwendo, na hali ikawa ile ile. Nikapunguza upepo wa tairi za mbele, nikalegeza nati za fimbo za usukani na kupima upya kama magurudumu yametazama mbele sawasawa, hakuna kilichobadilika.

Yeye ndiye aliyelipata jibu. Injini ikiwa imezimwa, aliniomba nikae kwenye kiti na kuukata usukani wote, kisha akakisukuma kigari kwa nyuma taratibu, macho yakiwa chini. Baada ya hatua chache akasimama. "Tairi la nyuma la ndani haliviringiki vizuri, linaburuzwa." Nikashuka, nikapiga magoti kando yake, na kweli mchanga mwembamba uliokuwa juu ya lami ulikuwa umefagiliwa chini ya tairi lile.

Ekseli yetu ilikuwa chuma kimoja kisicho na difrensha, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka sawa hata pale ambapo la nje lina safari ndefu zaidi. Katika kona ni lazima moja liteleze au liinuke. Ndiyo maana kingipini za gokati huegemezwa nyuma kwa juu: usukani unapokatwa, gurudumu la mbele la ndani husukumwa chini, na lile la nyuma la upande huo huo hupunguziwa uzito au huinuka kabisa. Nililijua jambo hilo. Hata hivyo nilikuwa nimezichomelea kingipini wima kabisa, nikifuata pimamaji, kwa sababu zilipendeza kuzitazama.

Nilimweleza yote, nikamwambia wazi kwamba kosa lilikuwa langu na kwamba uendeshaji wake haukuwa na dosari. Jioni hiyo hiyo nilizikata kingipini zote mbili. Yeye alichora pembe ya digrii 12 kwa kipimapembe, akachonga kabari mbili za mbao, na kabari hizo ndizo tulizozitumia kupata mwegemeo kabla ya kuchomelea. Nilipozilinganisha, zilifanana kama pacha.

Asubuhi aliketi kwenye kiti kigari kikiwa sakafuni, nami nikatelezesha karatasi moja ya daftari lake chini ya tairi la nyuma la kushoto. Nilipoivuta haikutoka. "Sasa kata kushoto, hadi mwisho." Akakata. Nikaivuta tena, ikatoka nzima, bila hata kuchanika. Alishuka mbio akataka kuivuta mwenyewe, basi nikaketi mimi na kuukata usukani huku yeye akilala kifudifudi sakafuni, shavu karibu na tairi, akichungulia mwanga uliopita katikati ya mpira na saruji.

Uwanjani alikata kona ya kwanza kwa tahadhari, ya pili akiwa ameongeza mafuta, na kigari kikamfuata. Baada ya mizunguko kumi hivi alisimama mbele yangu, akafungua kioo cha helmeti na kuniuliza kama tairi za nyuma zingehitaji kuongezwa upepo kidogo, kwa maana katika kona ya kulia alihisi mkia ukichelewa.