Bunduki za filamu ya Zulu, zikitazamwa kutoka Lugalo

Filamu ya Zulu ya mwaka 1964 husifiwa kwa silaha zake, na sifa hiyo ni halali nusu tu. Bunduki kuu mikononi mwa askari wa Kiingereza ni Martini-Henry, na kweli ndiyo iliyotumika tarehe 22 na 23 Januari 1879 Rorke's Drift, kituo kidogo cha Afrika Kusini ambapo Waingereza walilizuia jeshi la Wazulu, vita ambavyo filamu inavisimulia. Lakini anza kusimamisha picha uone. Bastola wanazofyatua waigizaji wakuu, Stanley Baker na Michael Caine, ni Webley Mk VI, toleo la 1915, miaka 36 baada ya vita vyenyewe. Katika makundi ya askari zinajitokeza pia bunduki za aina ya Lee-Enfield, zenye boliti, yaani chuma chenye mpini kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele kuingiza risasi. Kuzitambua si kazi: ukiona mpini wa boliti umechomoza upande wa kulia juu ya kifyatulio, hiyo si Martini. Martini ubavuni haina kitu ila kialama kidogo chenye umbo la tone, kinachoonyesha kama imekokiwa.

Kwa mtu wa Iringa au Songea, filamu hii haihusu watu wa mbali. Wangoni walitoka pande hizohizo za kusini. Zwangendaba alivuka Zambezi mwaka 1835, na watu wake wakafika mpaka Ufipa. Wahehe walipigana na Wangoni kati ya 1878 na 1882. Basi mbinu unayoiona kwenye filamu, ya kukimbilia adui ili mkuki umfikie kabla hajajaza tena, nyanda zetu ziliijua vizuri. Tarehe 17 Agosti 1891 mbinu hiyo ilikutana na bunduki ya risasi mojamoja pale Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa walipokivamia kikosi cha Wajerumani, na safari hii bunduki ikashindwa. Tofauti haikuwa ushujaa, kwa sababu ulikuwepo pande zote katika vita vyote viwili. Ilikuwa mita ngapi mwenye bunduki alipewa kabla ya mkuki kumfikia.

Tuanze na Martini. Ina wenzo nyuma ya kifyatulio. Ukiusukuma chini, kipande cha chuma kinachoziba chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kinashuka, ganda lililotumika linatupwa nje, na hapohapo bunduki inajikoki. Unaweka risasi nyingine kwa kidole gumba, unarudisha wenzo juu, unalenga. Mwanajeshi aliyefunzwa hufyatua mara 12 kwa dakika uwanjani, yaani moja kila sekunde 5. Vitani, akilenga sawasawa, gawa kwa mbili. Kichwa cha risasi kina gramu 31 za madini laini ya risasi, kikisukumwa na gramu 5.5 za baruti nyeusi.

Hapo ndipo filamu inapodanganya, na uongo wake ni wa usafi. Baruti nyeusi haiungui yote ikawa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na moshi mzito. Masizi hujaza mifereji ya ndani ya mtutu, na kila risasi inayofuata hupita kwa shida zaidi, kwa hiyo kitako kinazidi kugonga bega. Baada ya risasi nyingi mfululizo mtutu haushikiki kwa moto. Askari walikuwa wakiushonea ngozi ya ng'ombe. Rorke's Drift inakadiriwa zilitumika risasi 20,000 kwa watu wapatao 150. Hayo ni mabega yaliyovimba na vidole vilivyoungua, lakini kwenye skrini mitutu haitikisiki, maana risasi za filamu hazina kichwa. Bila kichwa cha kusukuma hakuna kitako cha kurudi nyuma.

Kuna ubovu mwingine ambao mwongozaji angeweza kuutumia vizuri sana. Ganda la risasi ya Martini wakati huo halikuwa shaba nzima. Lilikuwa bati jembamba la shaba lililoviringishwa, likafungwa kitako cha chuma. Chemba ikipata moto na kujaa masizi, bati lile hunata. Unashusha wenzo, kitoa-ganda kinang'oa kitako, na bati linabaki ndani. Kuanzia hapo bunduki ni fimbo mpaka ulichokonoe kwa kisu au kulisukuma kwa ufito kutoka mdomo wa mtutu. Jeshi la Uingereza lilikuja kuingiza ganda la shaba nzima na kurefusha wenzo ili mkono upate nguvu zaidi, lakini hayo ni ya baadaye.

Lugalo askari wa Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, walikuwa na Mauser ya 1871, milimita 11, nayo ya risasi moja na baruti nyeusi. Ganda lake lilikuwa imara kuliko la Martini. Udhaifu wake upo kwingine: boliti inavuta ganda nje ya chemba lakini haina kidude cha kulirusha. Inabidi uinamishe bunduki kulia ganda lidondoke, au uliondoe kwa kidole. Kwenye mazoezi hilo halimsumbui mtu. Vichakani, mtu akija na mkuki, ndizo sekunde anazozihitaji.

Fanya hesabu. Mtu mwepesi anakimbia mita 30 kwa sekunde 5 hivi. Kama bunduki yako imejazwa tayari, una risasi moja, labda. Kama haijajazwa, huna kitu. Kikosi cha Zelewski kilikuwa safarini, kimejipanga kwa mstari mrefu, bila wapelelezi wa kutosha mbele, na silaha nzito zikiwa mzigo. Wahehe walikaa kimya kando ya njia mpaka ishara ilipotolewa. Kazi kubwa iliisha kwa dakika chache, na Zelewski mwenyewe akafa kwa mkuki. Rorke's Drift walipata muda wa kupanga magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti kuwa ukuta, na aliyeufikia ukuta alikutana na bunduki yenye singe, jumla kama mita 1.8, ndefu kuliko mkuki mfupi wa Wazulu. Hilo filamu imelionyesha vizuri, na ndiyo sehemu ninayoikubali kabisa.

Moshi nao. Watu mia wakifyatua baruti nyeusi pamoja, na upepo haupo, baada ya mikupuo mitatu hawaoni kitu. Amri ya kufyatua kwa safu, ambayo filamu inaifanya ionekane kama gwaride, ilikuwa pia njia ya kupumzisha hewa ili moshi upate kupanda juu. Moshi huohuo uliwaumiza askari wa Kijerumani tena baadaye: vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi zilikuwa bado na Mauser 71, na kila risasi ilimwonyesha adui kichaka cha kulenga. Waingereza waliopanda kutoka Nyasa hadi Tukuyu na kufika Iringa Agosti 1916 walikuwa na baruti isiyo na moshi.

Watu huuliza kwa nini Mkwawa, akiwa na mamia ya bunduki zilizotekwa Lugalo, hakuizuia ngome yake ya Kalenga isianguke mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894. Jibu moja liko kwenye ganda. Gobore hula baruti yoyote na kipande chochote cha chuma. Mauser haili ila risasi yake, na zilizotekwa zikiisha, zimeisha.

Ukikuta bunduki ya zamani kwenye dari la babu, usijaribu kuifyatua wala kugonga risasi iliyoshika kutu. Mpigie polisi, maana sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015 inadai leseni kwa kila silaha. Ukiiona kwenye makumbusho, soma ubavu wa kushoto karibu na boliti. Mauser hii imeandikwa "I.G.Mod.71". Ikiwa imeandikwa 71/84, hiyo ni ndugu yake mdogo mwenye bomba la risasi 8 chini ya mtutu, na yeye kirusha-ganda anacho.