Oili Iliyokuwa Ikitoroka

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya ndege, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kwati 5 na nusu. Jana yake nilikuwa nimejaza mpaka alama ya 8, nikaruka saa 2 na robo tu. Kwati 2 na nusu, yaani zaidi ya lita 2, zilikuwa zimetoweka.

Ndege yetu ilikuwa Cessna 172 ya zamani, injini yake ya Lycoming yenye silinda 4 na nguvu za farasi 160. Tuliimiliki watu wawili, mimi na shemeji yangu, na binti yangu alishazoea kukaa kiti cha kulia na ramani mapajani. Injini za namna hii hula oili kidogo, hilo ni la kawaida. Kanuni ya mtengenezaji inaipa injini yenye nguvu hizo ukomo wa karibu nusu kwati kwa saa. Yetu ilikuwa imepita mara mbili ya hapo. Na oili ikishuka chini ya kwati 2, injini hiyo haifai tena kuendeshwa. Kila nilipopiga hesabu ya kutoka 8 kwenda 2 kwa mwendo ule, nilimwona mtoto na ramani yake, usingizi ukapaa.

Palipolowa palikuwa nyuma ya injini, chini ya pampu ya vakumu, na tumbo la ndege lilikuwa na utelezi mweusi mpaka karibu na mkia. Karakana ya kwanza iliona hivyo ikabadilisha sili ya pampu. Nikalipa, nikaruka, oili ikapungua vilevile. Siwezi kuwalaumu sana, maana hata mimi ningeapa kwamba ni pale.

Fundi wa pili alikuwa mzee ambaye mikono yake ilikuwa na makovu ya kuungua ekzosi tangu ujana. Hakugusa hata skrubu moja ya kifuniko.

"Umekuwa ukiandika?" akaniuliza.

"Kila safari, Mzee. Kabla na baada."

Nikampa daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya tarakimu, akarudi juu, akashuka tena polepole. "Njoo uone, mwanangu. Kila ukijaza 8, saa ya kwanza unapoteza kwati moja na nusu. Ukifika 6 na nusu mwendo unapungua, lakini hausimami. Hapa una magonjwa mawili, siyo moja."

La kwanza nililielewa papo hapo. Injini ina mrija wa kupumulia, unaotoa nje gesi zinazopenya kando ya pistoni. Ukijaza oili mpaka juu kabisa inavurugwa, inageuka ukungu, na ukungu ule unatoka na gesi kupitia mrijani hadi kwenye tumbo la ndege. Wengi wenye injini hizi huziruka na kwati 6 au 6 na nusu kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nikijaza mpaka juu nikiamini ndiyo kuitunza, kumbe kile nilichoongeza kwa woga ndicho kilichokuwa kikimwagwa kwanza, na kilikuwa kikinifichia ugonjwa wa pili.

Huo wa pili ulihitaji swali jingine: oili inaungua ndani au inavuja nje? Tulichomoa plagi zote 8. Zile za chini, ambazo hulowa oili ringi za pistoni zikichoka, zilikuwa kavu, rangi ya kahawia iliyofifia. Kisha tukapima mgandamizo. Unaiweka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, unaingiza hewa ya paundi 80 kwa inchi ya mraba, unasoma kinachobaki. Kazi yangu ilikuwa kushika rafadha, lile panga la mbele ya ndege, isizunguke. Hewa ile ikiisukuma pistoni, rafadha inaweza kukuvunja mkono. Nilihisi ikitetemeka viganjani kama kamba iliyofungwa mnyama. Silinda ya 1 ikasoma 77, ya 2 ikasoma 76, halafu 78, halafu 75. Mzee alitega sikio kwenye shingo ya kujazia oili, ambako ringi mbovu hupiga mluzi, akaenda kwenye ekzosi, akaenda kwenye kabureta. Kimya cha kuridhisha kote.

"Hailiwi," akasema. "Inavuja."

Tukaosha. Sijawahi kuosha kitu kwa uangalifu kiasi kile: mapezi ya silinda moja baada ya jingine kwa brashi, kila kiungo cha hozi, ukuta wa nyuma wote, kisha tukapuliza hewa mpaka chuma kikawa kikavu kabisa. Tukaiwasha ardhini dakika 10. Hakuna hata tone. Nikavunjika moyo, lakini Mzee akawa anatikisa kichwa tu. Injini ikizunguka polepole, oili inayopanda kwenye vichwa vya silinda ni kidogo, na joto halijafika kwenye mipira ya hozi. Akaniagiza nipunguze oili iwe 6 na nusu, akapaka poda nyeupe kila palipokuwa na kiungo, tukafunga kifuniko, nikazunguka juu ya uwanja dakika 20 bila kwenda mbali.

Tulipofungua, ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kulowa tena, pale pale chini ya pampu. Lakini poda ya pale ilikuwa imelowa kutoka juu, kama nguo iliyonyeshewa mvua. Mzee akafuata unyevu kuelekea mbele, tochi mkononi, mpaka kwenye silinda ya 2, mbele kushoto. Chini yake kuna bomba jembamba linalorudisha oili kutoka kichwani kwenda kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, limeungwa kwa kipande cha hozi na klampu 2. Katikati ya poda nyeupe palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi, na mwisho wake tone likining'inia, likijaa. Upepo unaoingia puani mwa ndege ulikuwa ukilichukua tone lile na kulibandika nyuma. Upande wa pili wa hozi hiyo, karibu sana, lilipita bomba la ekzosi. Hapo ndipo mgongo wangu ulipoingia baridi.

Hozi yenyewe ilikuwa fupi kama kidole gumba. Joto la miaka lilikuwa limeikausha hadi ikawa ngumu kama kuni. Nilipoikunja ilipasuka mikononi. Tulibadilisha zote 4 na klampu zake, kwa kuwa nyingine 3 zilikuwa na umri ule ule.

Saa 9 za kuruka baadaye niliongeza kwati 1, ya kwanza tangu siku ile. Nikaiandika kwenye daftari, nikampigia Mzee simu kumsomea tarakimu zote tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimeangalia klampu zile tena baada ya joto. Nilikuwa sijaangalia. Nikarudi uwanjani jioni hiyo hiyo na bisibisi.