Siku moja na panya 3, na simu isiyokoma

Kwenye maabara yetu ya kupima sumu ya kemikali kwa panya, saa 12:30 asubuhi kinachoangaliwa kwanza ni kipimajoto, panya baadaye. Chumba chao kinatakiwa kiwe nyuzijoto 22, kisishuke chini ya 19 wala kuvuka 25, na Julai ya Mbeya haijali hayo. Umeme ukikatika usiku, hita nayo inalala. Wapo wanaouliza kwa nini tusiingize jiko la mkaa. Panya akifa kwa hewa ya mkaa, utaandika kauawa na nini?

Wanalalia magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Maranda ya misindano yamejaa kule Mufindi, lakini utomvu wake huchochea vimeng'enya vya ini, na ini la namna hiyo huishughulikia kemikali tofauti na kawaida.

Saa 1, mizani. Majike 3 wa wiki 8 hadi 12 ambao hawajawahi kuzaa. Chakula kiliondolewa jana jioni, maji yakaachwa.

Saa 2, kuchanganya. Sampuli ni 2-butoksiethanoli, kiyeyushi kinachotiwa kwenye rangi na sabuni za kusafishia vioo. Tunaanzia miligramu 300 kwa kila kilo ya mwili wa panya. Jike wa gramu 190 anahitaji miligramu 57, tone dogo lisilopimika kwa uhakika, hivyo miligramu 600 zinaongezewa maji hadi mililita 20. Kila gramu 100 za mwili zinapata mililita 1. Huyo anapata 1.9. Bomba la sindano liwe la kioo: kwenye viyeyushi vingi mpira wa bomba la plastiki huvimba na kukwama.

Saa 3, kulisha mchanganyiko huo moja kwa moja tumboni. Sindano ya kulishia ina kichwa cha duara kama shanga, na urefu hupimwa kwanza kwa nje, kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho. Ukihisi kizuizi, itoe uanze upya. Ukilazimisha, unaingia kwenye koo la hewa. Kiyeyushi kikifika mapafuni panya anaweza kufa ndani ya dakika chache, na daftari litasoma sumu kali kumbe ni mkono mbaya. Ndiyo maana kila mmoja hupasuliwa mwishoni na mapafu kuangaliwa.

Nusu saa ya kwanza hakuna anayetoka, hata kwa chai. Saa 4 za mwanzo ndizo zenye habari: anavyotembea, anavyopumua, manyoya, mate. Wekundu kuzunguka macho usikutishe, si damu. Ni rangi ya machozi ya panya aliyesumbuliwa.

Halafu simu ya mteja, mwenye sampuli.

"Dada, wamekufa wangapi?"

"Bado, kaka."

"Basi haina sumu. Niandikie barua leo, mzigo unasubiri."

Anaelezwa kwamba hawa wanaangaliwa siku 14. Akifa mmoja au asife yeyote, wengine 3 wanapewa kipimo kilekile, na matokeo yakiwa hayohayo ndipo tupande hadi 2,000. Wakifa 2 au wote 3, tunashuka hadi 50. Aliye taabani huondolewa mateso na kuhesabiwa amekufa. Jibu haliwi "sumu" au "si sumu", linakuwa daraja: kipimo kinachokadiriwa kuua kikiwa hadi miligramu 300 kwa kilo, lebo inabeba fuvu, kutoka hapo hadi 2,000 alama ya mshangao. Anaitikia vizuri sana, halafu anapiga tena. Na tena, glovu zikiwa mikononi.

Mchana, chakula kikisharudishwa, karatasi nyeupe chini ya vizimba inaanza kuwa nyekundu. Hii sasa ni damu kweli, au tuseme rangi yake: ini hugeuza kiyeyushi hiki kuwa asidi inayopasua chembe nyekundu, na rangi inatoka na mkojo. Panya ni dhaifu sana hapo, na wakubwa kuliko wadogo. Chembe za binadamu huhimili zaidi, za simbilisi pia. Sentensi hiyo lazima iingie kwenye ripoti, pamoja na nyingine: binadamu akiinywa, damu yake hujaa asidi na anaweza kupoteza fahamu. Mteja ataipenda ya kwanza tu.

Jioni miguu haitaki tena. Namba 1 na 2 wanakula. Namba 3 amejikunyata, masikio yamepauka, mkojo bado mwekundu; anaandikwa hivyohivyo, saa na dakika, na taa yao inazimwa. Simu inaita.