Jinsi nilivyopata mablanketi mazito kutoka kwa kondoo wangu, Buhigwe

Wengi mmeyasifu mablanketi yangu kwa uzito wake, basi hivi ndivyo nilivyoyapata. Kondoo wengi huku Kigoma wana nywele fupi tu. Wangu ni chotara wa Corriedale, aina ya kondoo wenye sufu, na kiwanda nilichokiuliza hakikutaka mzigo mdogo. Nikaamua kazi yote ifanyike hukuhuku.

Ugumu mkubwa ni mafuta. Sufu mbichi inanata, na usipoyatoa, uzi utashika vumbi na kunuka. Maji ya vuguvugu hayatoshi, yanatakiwa ya nyuzijoto 60 hivi, yenye sabuni. Unaizamisha, unaiacha itulie, unaitoa. Usiikoroge wala kuifikicha! Maji ya kusuuzia nayo yawe na joto lilelile, la sivyo sufu inashikana na kuwa madonge.

Tuliichambua kwa brashi za waya, akina mama majirani wakaisokota kwa mkono, nikawalipa kwa kilo. Fundi mfumaji wa Kasulu alipendekeza mtande (nyuzi za urefu zinazotandazwa kwanza) wa pamba. Nilimwomba atumie sufu tupu, maana pamba haisinyai pamoja nayo.

Kitambaa kikitoka kwa fundi bado chepesi, ukikiinua juani mwanga unapenya. Hapo sasa ndipo unaruhusiwa kukifikicha: maji ya moto, sabuni, na kukikanyaga kwa miguu ndani ya beseni kubwa mpaka kisinyae na kujaa. Uzito mnaousifu unatoka hapo. Kwa hiyo agiza kifumwe kipana na kirefu kuliko unavyotaka. Mimi huongeza robo, kisha nakianika kivulini kikiwa kimenyooshwa.