Nilipohama Windows kwenda Debian

Kompyuta mpakato ninayoitumia niliinunua mwaka 2017, na sina neno baya juu yake. Kibodi bado ni imara, skrini haina doa, na tangu nilipoitoa diski yake ya kwanza, ile ya sahani zinazozunguka, nikaiwekea SSD, huwaka kabla sijaketi vizuri. Iliyoiponza ni kalenda. Windows 10, iliyotolewa Julai 2015, ilifikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu ni ya kizazi cha 7 cha Intel, ilhali orodha ya prosesa za Intel zinazokubaliwa na Windows 11 huanzia kizazi cha 8, ukiondoa chache mno. Palikuwa na njia ya kujiandikisha ili kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja wa nyongeza, lakini hiyo niliiona ni kuahirisha shauri tu. Kuitupa mashine isiyo na kasoro sikutaka. Nikaamua kuhamia Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux.

Wenzangu waliposikia kuwa nimehamia Linux, swali walilolirudia kuliko yote ni kama ni ngumu. Nimekuwa nikilijibu vibaya swali hilo kwa kusema ndiyo au hapana kutegemea siku yenyewe ilivyokwenda. Mfumo mpya wenyewe haukunitoa jasho. Yaliyonitoa jasho ni mambo ambayo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nilikuwa nimeyahesabu kuwa ndiyo kompyuta, kumbe zilikuwa desturi za mfumo endeshi mmoja, na mwingine una zake.

Kuchagua Debian hakukunichukua muda, ingawa mabishano kuhusu Linux ipi ni bora hayajawahi kwisha. Kwa maana halisi Linux ni kiini tu, yaani ile sehemu inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Vingi vya vile tunavyoviona kwenye skrini huandikwa na watu wengine, na kazi ya miradi kama Debian ni kuvikusanya vikawa mfumo mmoja unaoweza kusakinishwa. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mpenzi wake wa wakati huo, Debra, na jina lake mwenyewe. Toleo jipya hutoka takribani kila baada ya miaka miwili. Wapo wanaouona mwendo huo kuwa wa kobe, nami niliutaka kwa sababu hiyo hiyo.

Maandalizi yalikuwa mepesi. Nilinakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, mara mbili, kwa kuwa nakala moja si nakala. Nilipakua Debian 13, nikalinganisha alama zake za uhakiki na zile zilizotangazwa na mradi wenyewe, kisha nikaiandika kwenye flashi. Uzuri ni kwamba mfumo unaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta, kwa hiyo kwa jioni mbili nilijaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa kabla ya kujifunga na lolote. Vyote vilifanya kazi isipokuwa kisomaji cha alama za vidole, ambacho hadi leo hakijafanya kazi na nimekwisha kukisahau.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kutii ushauri wa zamani. Niliwahi kusoma kwamba ni lazima kuzima ulinzi wa Secure Boot, ule unaozuia kompyuta isiwashwe kwa mfumo isioutambua, kabla ya kusakinisha Linux, nikauzima, wala sikujua kwamba Debian imekuwa ikiukubali ulinzi huo tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Nilipoiwasha tena Windows, ambayo nilikuwa nimeamua kuiacha kwenye sehemu ndogo ya diski, ikaniletea skrini ya buluu yenye kisanduku kitupu, ikitaka ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Diski yangu ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, na badiliko lolote katika namna ya kuwaka BitLocker, kufuli hiyo ya Windows, hulihesabia kuwa huenda mwizi ameishika mashine, jambo ambalo ukilitafakari ni la busara kabisa. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa katika akaunti yangu ya mtandaoni, ambayo nywila yake ilikuwa kwenye daftari nililokuwa nimelitia katika sanduku la vitabu. Niliziingiza tarakimu zote 48 moja moja, simu mkono mmoja, nikikosea mara mbili. Anayekusudia kuhama na auandike ufunguo huo kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Baada ya kusakinisha nilifungua dirisha la amri ili niongeze programu moja. Niliandika amri, nikaombwa nywila, nikaanza kuiandika, na hakuna kilichotokea kwenye skrini: si herufi, si nyota, wala kishale hakikusogea. Nikadhani kibodi imekwama, nikabonyeza vitufe kwa nguvu zaidi, nikafuta, nikaanza upya. Hatimaye nilibonyeza kitufe cha kuingiza kwa hasira tu, na ndipo nikajibiwa kwamba jina langu halimo katika orodha ya wanaoruhusiwa kutumia amri ile. Kwa hiyo kibodi ilikuwa nzima na nywila ilikuwa sahihi. Kimya kile ni desturi, ili anayechungulia begani asijue hata idadi ya herufi. Na ule ukosefu wa ruhusa niliujenga kwa mikono yangu mwenyewe: wakati wa kusakinisha, Debian huuliza nywila ya msimamizi mkuu, na ukiiacha wazi humpa mtumiaji wa kwanza ruhusa za msimamizi, lakini ukiijaza, kama nilivyofanya kwa kudhani ni ukamilifu, wewe mwenyewe unabaki mtu wa kawaida katika kompyuta yako. Kulirekebisha kulihitaji mstari mmoja. Kuelewa kwamba hapo palikuwa na watu wawili, mimi na msimamizi, na kwamba wote wawili ni mimi, kulichukua muda mrefu zaidi.

Halafu kuna suala la majina. Diski C haipo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini Windows huanza kuhesabu kutoka C, na jibu ni kwamba A na B zilikuwa za disketi, ambazo watumiaji wengi wa leo hawajawahi kuziona. Katika Linux kila kitu kimo katika mti mmoja unaoanzia kwenye mkwaju mmoja, yaani alama /, na flashi unayoichomeka huwa tawi jingine la mti huo huo. Hilo nililizoea kwa siku moja. Ambalo sikulizoea upesi ni kwamba herufi kubwa na ndogo ni tofauti: Ripoti na ripoti ni mafaili mawili yanayoweza kukaa katika folda moja bila kugombana. Kwa wiki tatu nilikuwa na folda mbili, Picha na picha, nikishangaa kwa nini nusu ya picha zangu zinapotea na kurudi.

Uhuru huo una gharama zake. Debian ilinikubalia kuyaita mafaili ya mihutasari kwa mtindo wa "Kikao: 3 Machi", pamoja na nukta pacha, nami nikaona ni maridadi, nikayaita yote hivyo. Siku nilipotaka kuyanakili kwenye flashi ili nimpe mwenzangu, kila moja lilikataa. Flashi ile ilikuwa imeumbizwa kwa mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT, na huko nukta pacha katika jina la faili hairuhusiwi, kama isivyoruhusiwa katika Windows yenyewe. Niliyabadilisha majina ya mafaili 41 mwenzangu akiwa amesimama pembeni anatazama saa.

Nyaraka zilinisumbua kwa namna nyingine. LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, ilifungua karibu kila nilichokuwa nacho, lakini barua moja ya kurasa mbili, iliyopangwa kwa uangalifu hadi mstari wa saini, ilijitokeza ikiwa na kurasa tatu, na katika ukurasa wa tatu kulikuwa na jina langu peke yake. Nilianza kuilaumu LibreOffice, na lawama hiyo haikuwa ya haki. Barua iliandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haiji na Debian. Fonti isipokuwepo, programu huchukua nyingine, na ikiwa herufi za hiyo nyingine ni pana kidogo tu, kila mstari husukuma neno moja chini hadi ukurasa unafurika. Dawa ni fonti ya huria iitwayo Carlito, ambayo herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na mwenzake Caladea kwa ajili ya Cambria. Nilizisakinisha, nikaifungua barua upya, na saini ikarudi mahali pake.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni masasisho, na hapa naomba msomaji anivumilie. Nilikuwa nimeamini kwamba kompyuta ikisasishwa ni lazima izimwe na kuwashwa upya, kama vile gari linavyozimwa ili libadilishwe mafuta. Katika Windows, kwa kawaida, faili la programu inayoendelea kufanya kazi huwa limefungwa na haliwezi kubadilishwa, hivyo jipya hungoja mpaka mashine izimwe. Linux huitazama faili kwa namna nyingine: jina ni kibandiko tu, na maudhui yake ni kitu cha pembeni kinachoweza kuishi bila kibandiko. Sasisho linapokuja, kibandiko hubanduliwa kutoka kwenye maudhui ya zamani na kubandikwa kwenye mapya, huku programu iliyokuwa tayari imeyafungua yale ya zamani ikiendelea kuyasoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku programu ya mwisho itakapoyaachilia, ndipo nafasi yake kwenye diski itakapohesabiwa kuwa tupu. Kwa hiyo mimi huendelea kuandika wakati mamia ya mafaili yanabadilishwa chini yangu. Sitaki kutia chumvi: kiini chenyewe kikisasishwa bado ni lazima uwashe upya ili ukitumie, na kivinjari kilichosasishwa kikiwa wazi huweza kuleta vituko mpaka ukifunge na kukifungua. Hata hivyo, wakati wa kuwasha upya huuchagua mimi.

Windows niliiachia gigabaiti 80 kwa sababu ya skana moja ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuiandikia draiva ya Linux. Ni hapo nilipokutana na kioja cha mwisho. Siku moja niliiwasha Windows ili nitoe nakala za vyeti, nikatazama saa iliyo pembeni mwa skrini, nikaona bado ni mapema, na nikachelewa kikao cha mtandaoni. Saa ilikuwa nyuma, tena kwa idadi kamili ya saa ambazo ukanda ninaoishi unaitangulia Greenwich. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kwenda hata umeme ukikatwa; Windows huitazama ikiamini kwamba inaonyesha saa ya mahali, na Linux huiweka kwa saa ya ulimwengu kisha hujumlisha yenyewe. Kila mfumo ulikuwa ukisahihisha kazi ya mwenzake kwa nia njema. Ipo amri moja ya kuiambia Debian iifuate desturi ya Windows, nami niliiandika nusu, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, kisha nikaifuta. Kwa skana ninayoitumia mara mbili kwa mwaka, niliona ni afadhali Windows ibaki na saa isiyo sahihi. Nimebandika kipande cha karatasi juu ya skana, kimeandikwa: usiiamini saa.