Sigiri Chini ya Lori

Mwezi wa Julai mwaka 2006 nilikuwa utingo wa lori la dizeli lililosafirisha viazi mviringo kutoka Kabale hadi Kampala, safari ya kilomita zipatazo 400. Dereva wangu alikuwa mzee wa Kinubi, mzaliwa wa Bombo, ambaye sote tulimwita Hajji. Mimi ni Mkiga, na lugha iliyotuunganisha ndani ya kebini ilikuwa Kiswahili.

Asiyewahi kulala Kabale hudhani kwamba Uganda nzima ni nchi ya joto. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi, baridi hushuka hadi nyuzi 10 hivi au chini yake, kisha alfajiri ukungu hujaa mabondeni. Hiyo si baridi ya kugandisha dizeli, na injini nzima huishinda bila taabu. Yetu haikuwa nzima. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Huibana hewa mpaka ipate joto la kutosha kuyawasha, na chuma kikiwa baridi hunyonya joto hilo kabla halijafanya kazi yake. Ndiyo sababu kuna plagi ndogo za kupasha moto. Kumbe mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha kuungua, na betri nayo ilikuwa imechoka.

Saa kumi na moja alfajiri Hajji alijaribu stata mara tatu. Mara ya kwanza injini ilizunguka kwa uzito na kutoa moshi mweupe, mara ya pili ikazunguka polepole zaidi, na ya tatu ikagonga mara moja tu na kunyamaza. Kulisukuma lori lililoshiba magunia kwenye uwanja tambarare lilikuwa jambo lisilowezekana. Mpakizi mmoja alishauri tumimine petroli kidogo kwenye njia ya hewa. Hajji alikataa katakata, na nadhani hapo alituokoa, kwa maana mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi kali kuliko ile ya Kabale, ilhali dizeli huhitaji kwanza kupashwa zaidi ya nyuzi 50.

Alichokubali ni njia aliyoizoea kwa miaka mingi: sigiri yenye makaa mekundu, tuliyoazima kwa mama aliyekuwa akipika chai kando ya uwanja, ikasukumwa chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, ili oili iliyokuwa nzito kama uji ilainike.

"Kaa hapa, mwanangu," aliniambia. "Usiondoe macho."

Niliyaondoa. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na yule mama alikuwa na bushera ya moto, kinywaji chetu cha mtama. Sikwenda hatua kumi, lakini nilimpa lori mgongo, na nilipogeuka moshi mzito mweusi ulikuwa ukipanda kati ya gurudumu la mbele na kebini, na ndani yake ulimi wa moto wa rangi ya chungwa.

Nilipiga kelele. Hajji alikuja mbio, akaipiga teke sigiri ikaviringika mbali, akaniamuru nifungue waya wa betri. Kijana mmoja alifika na jerikeni ya maji, Hajji akamzuia kwa mkono, kwa sababu oili inayowaka huelea juu ya maji na kuubeba moto popote yanapokwenda. "Udongo! Leteni udongo!" Mtungi wa kuzimia moto hatukuwa nao. Wapakizi walichota udongo mtaroni kwa majembe, kwa beseni, kwa mikono mitupu, nasi tukautupa chini ya injini mpaka ule mwanga ukafifia na kubaki harufu ya mpira ulioungua, harufu ambayo hadi leo ikinifikia barabarani husimama na kutafuta inatoka wapi.

Fundi alipofika alituonyesha nyaya za stata zilizobaki shaba tupu, na mpira wa dizeli uliobabuka na kuvimba bila kupasuka. Kisha Hajji akaingiza mkono juu ya sampu, akatoa kipande cha kitambaa kilichoungua nusu.

"Hiki ni cha nani?"

Kilikuwa changu. Gasketi ya sampu, ile pakingi inayozuia oili isipenye kwenye maungio, ilikuwa ikivuja kwa miezi, na mimi, nikichoka kufuta matone kila tuliposimama, nilisokomeza tambara pale ili liyanywe. Kila wiki lilizidi kulowa, nami niliona nimefanya kazi nzuri. Makaa peke yake yasingeweza kuchoma chuma. Mimi ndiye niliyeyawekea utambi, tena uliokwisha kutiwa mafuta.

Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alihesabu fedha za posho yake, akamtuma fundi anunue gasketi na plagi zote nne, nasi tukaondoka saa kumi jioni badala ya alfajiri. Tulipofika Muhanga alisimamisha gari pembeni, akatoa tochi, akajilaza chali kwenye vumbi kwa kanzu yake safi. Nami nikajilaza kando yake. Tuliitazama sampu kwa muda mrefu, yeye akiisogeza tochi taratibu toka pembe moja hadi nyingine, na ilikuwa kavu.