Nilivyofika mwisho wa Moribito bila kujua Kijapani

Nilianzia pabaya. Mtoto wa dada yangu alinirushia tamthilia ya Kijapani iitwayo Moribito, nikatazama sehemu tatu nimetumbua macho tu. Huyu mwanamke wa mkuki anajuana vipi na mwana wa mfalme? Kumbe nilipewa msimu wa pili. "Mama mdogo, si ungesoma jina la faili!" Haya.

Ikabidi nirudi kwenye shina. Moribito ni riwaya za Nahoko Uehashi, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa wenyeji asilia wa Australia. Ya kwanza ilitoka 1996, na mfululizo mkuu una vitabu 10. Vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza ni viwili tu, 2008 na 2009, na mimi Kijapani sijui hata salamu.

Kwa hiyo nikaanza upya na anime (katuni ya Kijapani) ya 2007, kwa bando la usiku. Sehemu 26 zimetolewa kwenye kitabu kimoja kisicho kinene! Balsa, yule mwanamke wa mkuki, mlinzi wa kukodiwa mwenye miaka 30, anavuka daraja; mwana wa mfalme, Chagum, anatumbukia mtoni; naye anajitosa. Mtoto amebeba yai la roho ya maji, na baba yake mwenyewe anataka afe, maana historia ya dola inasema roho hiyo ni pepo aliyeuawa na mfalme wa kwanza. Wayakue, wenye nchi wa asili, walikuwa na habari nyingine, ila imebaki vipandevipande kwenye nyimbo na sherehe zao. Hapo ndipo niliponaswa, si kwenye mapigano (ingawa lile la usiku katika mashamba ya mpunga nimelirudia mara nne).

Majina yalinitesa. Nikachukua daftari la mahesabu ya duka, nikagawa ukurasa: Sagu, dunia hii tunayoiona, Nayugu, ile nyingine. Kisha nikaacha kusoma majina kwenye maandishi ya chini, nikawa nayasikiliza. Wao hawasemi Balsa, wanasema Barusa. Chagum ni Chagumu. Karibu kila silabi inatua kwenye irabu kama kwetu, yakanasa kichwani siku ileile.

Baada ya anime nikasoma kitabu cha pili, Balsa anaporudi Kanbal, nchi alikozaliwa. Nakiona bora kuliko cha kwanza. Jiguro, aliyemlea, aliwaua wenzake wanane ili Balsa aishi, na deni hilo la roho nane Balsa analibeba kila aendako.

Ndipo nikarudi kwenye ile tamthilia, ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, sehemu 22 za kati ya 2016 na 2018, safari hii nikianzia msimu wa kwanza. Tahadhari: habari za Kanbal wameziahirisha hadi msimu wa tatu na kuzichanganya na vita vya mwisho. Nilidhani tena nimeruka faili. Nikampigia mtoto wa dada usiku wa manane, akacheka mpaka simu ikakatika.